Askari wetu walioko Somalia: je, posho inaondoa uzalendo?

Mwalimu wa Gulu anauliza:

Ndugu wasomaji, salamu kwenu nyote. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Gulu, na mdogo wangu ni koplo katika UPDF, jeshi letu la Uganda, ambaye kwa sasa yuko nyumbani kwa likizo akitokea Somalia. Juzi, katika kikao cha ukoo cha kupanga harusi ya binamu yetu, jamaa mmoja alisema mbele ya watu wote kwamba vijana wanaokwenda Mogadishu wanafuata dola tu, na kwamba mtu anayelipwa ili alinde nchi ya wengine hana haki ya kujiita mzalendo. Mdogo wangu hakujibu neno. Zamu yake ya kutoa mchango ilipofika aliutoa, akawaaga wakubwa mmoja mmoja kwa adabu, akaondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza maswali ambayo sina budi kuyaleta hapa, kwa kuwa najua miongoni mwenu wamo waliovaa gwanda na wamo walioolewa na waliolivaa. Je, posho na uzalendo vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja? Askari aliye mbali na bendera ya kwao, kati ya watu wasiomfahamu na ambao wengine wao hawamtaki, uzalendo wake unaonekana katika jambo gani hasa? Na ile heshima tunayoiona kwao, ya kuheshimiana wao kwa wao na kuwaheshimu wenyeji, ni jambo wanalofundishwa au kila mmoja huenda nayo kutoka kwa mama yake? Naomba majibu ya watu wanaoyafahamu mambo haya kwa karibu. Siasa za vyama tuziache kando.

Sajini Mstaafu, Jinja anajibu:

Mwalimu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Mimi nilikuwa Mogadishu katika miaka ile ya mwanzo, baada ya Uganda kuwa nchi ya kwanza kupeleka askari wa Umoja wa Afrika huko mwezi Machi 2007, na kabla wapiganaji wa al-Shabaab hawajauacha mji huo Agosti 2011. Wakati huo adui alikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta unaouona kwa macho, na tulihamia mbele nyumba baada ya nyumba.

Niliseme la posho kwanza ili tulimalize. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya, kupitia Umoja wa Afrika, ulitoa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari, na serikali zilizotutuma zilikuwa zikikata kama dola 200 kabla fedha haijatufikia. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza mchango huo kwa asilimia 20, na mara nyingi fedha ilichelewa kwa miezi. Askari hawakuacha lindo fedha ilipochelewa. Ni kweli kwamba wengi wetu tulijenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha hiyo, na sioni aibu kulisema hilo, kwa sababu daktari wa hospitali ya Mulago hulipwa na hakuna anayemwambia kwamba kwa kuwa amelipwa hampendi mgonjwa. Mtu akitaka kuupima uzalendo wa askari, aache kutazama siku ya mshahara, atazame saa nane za usiku, mvua inanyesha, hakuna mkubwa anayemwona, na bado yuko macho kwenye lindo lake.

Sasa nije kwenye heshima, kwa maana hapo ndipo swali lako lilipo. Kabla ya kuondoka tulipitia Singo, wilayani Nakaseke, ambako askari huandaliwa kwa ajili ya kazi za kulinda amani. Tulifundishwa silaha na mabomu ya kutegwa ardhini, lakini tulifundishwa pia mila za Wasomali: namna ya kusimama mbele ya mzee, namna ya kupita karibu na msikiti wakati wa sala, na kwamba mwanamke hakaguliwi na askari wa kiume, ndiyo maana dada zetu wenye sare walikuwa na kazi kubwa kwenye vizuizi. Vijana wetu Waislamu kutoka Arua na Yumbe walitusaidia sana, maana wenyeji walipowaona wanasali nao safu moja walianza kututazama kwa jicho jingine.

Lakini darasa peke yake halitoshi. Kamanda wa platuni yetu alikuwa luteni kijana kutoka Luweero, na siku ya kwanza kwenye kizuizi alitupanga akatuambia mambo ambayo hayakuwamo kwenye mtaala. Alisema tuvue miwani ya jua tunapozungumza na raia, ili atuone macho. Mtutu uelekee chini. Mzee asiulizwe swali akiwa amesimama juani wakati sisi tumesimama kivulini. Kisha akatueleza kwamba babake alishushwa kwenye basi katika kizuizi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wa misako ile iliyoitwa panda gari, na hadi anazeeka hakupenda kupita mahali palipokuwa na askari na gogo barabarani. Nadhani hakuna mhadhara wa uzalendo uliotuingia kama maneno hayo. Waganda tunajua kizuizi ni nini. Tunajua askari asiye na adabu anafananaje, tunajua sauti yake, tunajua jinsi mama anavyoficha hela kwenye mkunjo wa nguo anapomwona. Ndiyo maana kanuni za NRA, jeshi la msituni lililokuja kuwa UPDF, tangu porini zilimkataza mpiganaji kumtukana, kumfokea au kumpiga raia, zikamtaka alipe papo hapo, tena kwa fedha taslimu, kila anachochukua kwa raia. Kijana anayevuka mpaka akiwa amezishika kanuni hizo anaibeba Uganda mgongoni mwake, hata kama hakuna anayempigia makofi.

Kuhusu sisi kwa sisi, nitasema moja tu. Raia huona saluti na kusikia "Jambo afande", wakadhani heshima ya jeshi hupanda tu kutoka chini kwenda juu. Ile iliyotushikilia ilikuwa inashuka. Luteni wetu hakula kabla hajaona sahani ya kuruta wa mwisho ina maharagwe. Maji yalipopungua, yaani yale ya kunawa, maofisa walikaa na vumbi lao kama sisi. Mwambie mdogo wako kwamba kunyamaza kwake kikaoni nakufahamu vizuri.

Mjukuu wa Keya, Arua anajibu:

Afande Sajini ameeleza ya Mogadishu, nami naomba kurudi nyuma kidogo, kwa sababu swali la Mwalimu lina umri mkubwa kuliko misheni ya Somalia. Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki. Batalioni ya 4 ya King's African Rifles, ambayo ndiyo ilikuwa batalioni ya Uganda, ilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopelekwa kupigana na Wajapani huko Burma, na mwaka 1944 vijana wa kwetu walipita bonde la Kabaw wakati wa masika, wakitembea ndani ya tope na malaria hadi mto Chindwin.

Uzalendo wao tuuite wa nchi gani? Uganda ilikuwa bado inatawaliwa, bendera waliyoipigia saluti ilikuwa ya mfalme wa Uingereza, na uhuru wetu ulikuja miaka kumi na minane baadaye, tarehe 9 Oktoba 1962. Mwafrika katika jeshi hilo, hata awe hodari namna gani, wakati ule hakupandishwa kuwa ofisa kamili, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu aliyelala naye handaki moja. Walilipwa, naam, lakini heshima waliyonyimwa iliwauma kuliko uchache wa fedha. Babu hakuwahi kuzungumza kwa fahari kuhusu mfalme. Alichozungumza ni Mnyasa mmoja aliyembeba alipozidiwa na homa, na Kiswahili cha jeshi walichozungumza wote, Mlugbara, Mwacholi, Mnyasa na Mkamba, hata wakaelewana kama watu wa kijiji kimoja.

Ninachotaka kusema ni kwamba askari wa leo wana kitu ambacho wazee wale hawakuwa nacho, nacho ni nchi iliyoandika katika sheria yake mama aina ya jeshi inayolitaka. Ibara ya 208 ya Katiba yetu ya 1995 inasema jeshi liwe la kitaifa, lisifungamane na chama, liwe na uzalendo, weledi na nidhamu, na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Jamaa aliyezungumza kikaoni angeisoma ibara hiyo angeona kwamba koplo wetu hayuko Somalia kwa biashara yake binafsi. Alitumwa na nchi ambayo sisi wote ni wenyewe. Tukitaka kuuliza kama alitumwa kwa busara, tuwaulize waliomtuma.

Wakili Kijana, Mbarara anajibu:

Nawaheshimu waliotangulia, lakini nahisi picha inaanza kuwa safi mno, na Mwalimu ameomba majibu ya kweli. Mwezi Agosti 2021, huko Golweyn katika Shabelle ya Chini, askari wetu waliua raia, watu saba wasio na silaha. Uganda iliunda mahakama ya kijeshi iliyoketi Mogadishu kwenyewe, na Novemba ya mwaka huo askari watano walitiwa hatiani, wawili wakahukumiwa kifo na watatu kifungo cha miaka 39.

Nalitaja hili bila nia ya kumvunjia heshima koplo au Afande Sajini. Nalitaja kwa sababu uzalendo wa namna fulani ungetaka lifichwe ili jina la jeshi lisichafuke, na mimi naamini kinyume chake kabisa. Kesi ile kusikilizwa kule kule, mahali ambapo ndugu wa marehemu waliweza kufika, ilikuwa heshima kwa Wasomali kuliko hotuba yoyote ya rambirambi, na ilikuwa heshima pia kwa maelfu ya askari ambao hawakufanya kosa hilo, kwa maana iliwatenga na waliolifanya. Sisemi kwamba adhabu ya kifo ni sahihi, huo ni mjadala mwingine. Nasema kwamba anayeipenda nchi yake anataka yaliyotendwa kwa jina lake yajulikane.

Sajini Mstaafu, Jinja anajibu:

Wakili, umesema kweli, wala hukutuvunjia heshima. Wakati wetu koplo aliyechukua mbuzi wa mtu bila kulipa alivuliwa cheo mbele ya gwaride, na mwenye mbuzi akiwa ameitwa ashuhudie, kisha akalipwa. Tukio la Golweyn lilituumiza sisi tuliostaafu kama msiba wa nyumbani. Naongeza tu kwamba hospitali yetu ya kambini pale Mogadishu ilitibu raia tangu mwanzo. Asubuhi ukipita langoni uliwakuta kina mama wenye watoto wamekaa chini kwenye mstari, na madaktari wetu waliwahudumia pamoja na majeruhi wetu. Yote mawili yametendwa na jeshi moja, na anayeeleza moja bila la pili hajaeleza.

Mama Wawili, Lira anajibu:

Mwalimu, mimi ni mke wa askari na nimesita kuandika, kwa kuwa mambo ya mume si ya kuanikwa. Lakini hapa wameandika wanaume tu kuhusu heshima, na nadhani kuna upande wake ambao hawaufahamu.

Tarehe 26 Mei 2023 al-Shabaab walishambulia kambi yetu ya Buulo Mareer alfajiri. Rais alitangaza baadaye kwamba askari 54 waliuawa. Kati ya shambulio na tangazo hilo zilipita siku ambazo sisi wake za askari tulikaa na simu mikononi, na kila ilipolia hatukujua kama tuipokee. Mume wangu alikuwa Somalia lakini kambi nyingine, na mimi nililijua hilo kabla ya jirani yangu kulijua la wake. Sitaeleza zaidi kuhusu jirani huyo. Nitasema tu kwamba siku ile jeneza lilipoletwa, ofisa aliyekuja nalo alipiga magoti mbele ya mama mzazi wa marehemu kumpa mkono, kwa desturi ya kwao yeye ofisa, ingawa sisi Walango hatukulitazamia hilo kwa mtu mwenye nyota mabegani. Mama yule hadi leo humtaja ofisa huyo kila anapomtaja mwanawe.

Kisha waombolezaji walipoondoka, maneno yalianza. Atapata fidia kiasi gani, atanunua shamba au ataolewa tena. Ofisi moja aliyoipelekea makaratasi ilimwambia arudi, arudi tena, na mwishowe karani akamuuliza, mbele ya foleni, kwa nini ana haraka ya hela ya marehemu. Mimi nilikuwa nimesimama naye. Nimesoma hapo juu kwamba askari wetu hufundishwa kumvulia miwani mzee wa Kisomali ili amwone macho, na nimeshukuru sana kulijua hilo. Natamani karani yule naye angefundishwa.

Kwa hiyo, Mwalimu, jamaa yenu anayehesabu dola za mdogo wako anafanya jambo lile lile. Anahesabu kisichokuwa chake na haoni kilicholipwa. Mume wangu aliporudi mara ya mwisho alishindwa kulala kwenye kitanda, akalala sakafuni karibu na mlango, na watoto wakadhani ni mchezo. Posho haina fungu la hilo.

Mwalimu wa Gulu anaandika tena:

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote, na wewe Mama Wawili hasa, kwa sababu umeandika jambo ambalo nimeliona nyumbani kwetu na sikujua kama ni la kawaida. Wakili, hoja yako nitaifikisha kwa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu pamoja na ile Ibara ya 208, maana wengi wao wanataka kujiunga na jeshi na ni vyema waingie wakijua kwamba kuna mahakama.

Jana jioni nilimsomea mdogo wangu baadhi ya majibu. Alisikiliza lile la Keya wa Burma kwa makini, kisha akaniambia kwamba aliwahi kupangwa Baraawe, mji wa pwani uliotwaliwa kutoka kwa al-Shabaab mwezi Oktoba 2014, ambako wenyeji wana lugha yao ya Chimwini iliyo ndugu ya Kiswahili. Mzee mmoja muuza samaki alikuwa akimwita "mwanangu" na kumsahihisha Kiswahili chake cha kambini bila kuchoka. Alisema ni kwa ajili ya mzee huyo kwamba hakumjibu jamaa yetu kikaoni, kwa kuwa asingejua aanzie wapi kumweleza mtu asiyemwona mzee yule kuwa ni mtu.

Nina swali dogo la mwisho. Likizo yake inakwisha karibuni, na mama yetu anataka kuita watu wamuage kwa sala na chakula. Yeye anasema hataki watu. Tufanyeje bila kumwumiza yeye wala mama?

Mama Wawili, Lira anajibu:

Msiite ukoo. Ita wale atakaowataja yeye kwa majina, hata wakiwa watatu, na sala iombwe na mama mwenyewe, si na mchungaji atakayegeuza shughuli kuwa hotuba kuhusu mashujaa. Msimuulize anarudi lini, kwa sababu tarehe hizo hubadilishwa naye hulaumiwa kwa ahadi ambayo hakuitoa. Muulizeni anataka kupika au kupikiwa; wangu hupenda kuchinja kuku mwenyewe siku hiyo, na tunamwachia. Asubuhi ya kuondoka, mtu mmoja tu amsindikize hadi kwenye gari, na kama mama anataka kuwa huyo mmoja, wengine mbaki ndani.

Sajini Mstaafu, Jinja anajibu:

Na mpatieni soksi za pamba, jozi nyingi, pamoja na mafuta ya kujipaka. Chumvi ya bahari ile inapasua ngozi ya miguu. Akifika na akapata ruhusa ya kupiga simu, mama ndiye apokee kwanza.